Msafiri na Makaburi Yasiyo na Jiwe

Watu wengi hudhani ya kuwa kuzuru magofu na makumbusho ni anasa ya wenye wasaa, wala hakuna hukumu ndani yake. Sivyo. Mtume (S.A.W.), alipokuwa akienda Tabuk katika mwaka wa 9 wa Hijra, alipita Hijr, penye majumba ya Thamud yaliyochongwa majabalini, akawakataza masahaba zake kuyaingia ila wawe katika kulia. Hapo halikukatazwa jicho kuona. Kilichokatazwa ni kuona kwa moyo mtupu.

Basi msafiri wa Nanganga na apimwe kwa kipimo hicho. Akiishika barabara ya Lindi, kisha akageuka kaskazini, hufika Kilwa Kisiwani, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331 na Wareno wakaupora mwaka 1505. Pale nguzo za Msikiti Mkuu zanena zenyewe. (Ingawa wako wanaokwea kuta za Husuni Kubwa wapate kupigwa picha, wakashuka na vumbi tu.)

Lakini kabla ya kufika Mtama amekwisha kuipita Mahiwa bila ya kugeuza uso. Huko, tangu tarehe 15 hata 18 Oktoba 1917, jeshi la Wadachi chini ya von Lettow-Vorbeck lilipigana na jeshi la Waingereza vita vikali mno, Waafrika wakauana kwa ugomvi usiokuwa wao. Na katika vita hivyo vya miaka minne walikuwako wapagazi, waliochukua risasi na chakula vichwani, wakafa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi.

Atasema mtu: Je, haikusimamishwa sanamu ya askari Dar es Salaam mwaka 1927? Ilisimamishwa, na maandishi yake yawataja wapagazi. Walakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Na mahali pale pale ilikuwako kwanza sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kidachi. Jiwe humfuata mwenye dola. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ya kuwa watu 116,000 kwa uchache, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ikiwa haki ya maiti yategemea jiwe, basi msafiri azuruye penye jiwe tu amewaachia wenye fedha ya kuchonga wamchagulie wa kumkumbuka. Na ikiwa haitegemei jiwe, kama ilivyo kweli, ni udhuru gani uliobaki wa kuipita Mahiwa kwa usingizi garini? Hapadaiwi safari mpya wala nauli zaidi. Mtoto aliyeketi dirishani aweza kuonyeshwa kwa kidole kabla gari halijafika Mtama, akaambiwa ya kuwa katika ardhi ile wamelala watu waliochukua mizigo ya wengine mpaka wakafa nayo.