Kuzuru Misikiti ya Kale

Ndugu yetu mmoja wa Sigowet, katika nchi ya chai ya Kericho, alituuliza swali tulipokuwa wageni wake. Alidunduliza ujira wake wa kuchuma chai hata akapata nauli ya kuja pwani, akenda Gedi kuutazama msikiti mkuu. Huko mtu mmoja akamwambia aokote kijiwe, akiweke nyumbani kwa baraka. Aliporudi, mwingine akamwambia kuwa safari yake yote ilikuwa haramu. "Sheikh," akatuuliza, "nimekosa, au nimepata thawabu?"

Twajibu hivi. Mtume wetu (S.A.W.) amebainisha kuwa misikiti ya kufungiwa safari kwa fadhila yake ni mitatu tu: wa Makka, wa Madina na wa Baitul-Muqaddas. Basi mwenye kwenda Gedi au Kilwa akidhani kuwa rakaa zake huko zina thawabu zaidi ya zile za msikiti wa mtaani kwake, amejidanganya. Na mwenye kutaka baraka ya kijiwe amefanya baya zaidi, kwani jiwe halidhuru wala halinufaishi.

Walakini, kusafiri kwa kutaka mazingatio si haramu. Qur'ani imetuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi, tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Gedi ni funzo kubwa: mji wa nyumba za mawe, wenye msikiti, kisima na birika la udhu, nao ulihamwa katika karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliutia katika urithi wa dunia. Lakini sifa hiyo haikuurudishia adhana.

Mwenye kuingia humo aingie kwa adabu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, msikiti ukibomoka haukomi kuwa wakfu. Kwa hiyo mwenye janaba asikae ndani yake, na mwenye udhu aswali rakaa mbili za maamkizi, kama afanyavyo katika msikiti wowote.

Tulidhani tumekwisha jibu. Ndugu yule akaongeza kwa upole kuwa alilala katika mji mmoja wa pwani yetu, akenda alfajiri katika msikiti wa zamani, akakuta watu wasiotimia nusu ya safu. "Wenyeji walikuwa wapi, sheikh?" Hatukuwa na la kusema.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, aliikuta misikiti ya miti, akausifu ufundi wake. Lakini alieleza pia visima vilivyokuwa milangoni, na jinsi watu walivyoosha miguu na kuifuta kwa mkeka kabla ya kuingia. Miti ile imekwisha oza. Khabari ya watu wale yasomwa hata leo. Na msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra (1107), nao ungali waswaliwa. Kilichoutenga na ule wa Gedi si ubora wa mawe, ni kuwapo kwa wenye kuswali.

Usiku ule tuliswali Isha Sigowet, katika chumba cha mbao na mabati, na safu zikajaa. Enyi ndugu zetu wa miji ya pwani, tusijivunie majengo ya babu zetu mbele ya wageni ilhali tumelala. Mgeni ajaye alfajiri na atukute tumesimama safuni.

Wallahu aalam.