Kutengeneza cha Kale

Wako watu wakusanyao mashine za kale za kunena na kuimba, yaani fonografu na gramafoni. Huzipata zikiwa na kutu, huzitengeneza hata zikasema tena. Huenda mtu akaiona kazi hii kuwa mchezo wa wenye nafasi. Walakini ndani yake limo swali limpasalo kila aliyepokea kitu kutoka kwa waliomtangulia: mwenye kutengeneza cha kale ana ruhusa ya kukibadili mpaka wapi?

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani aliunda fonografu ya kwanza, nayo iliandika sauti juu ya bati jembamba lililozungushwa kwenye silinda. Baadaye zikaja silinda za nta. Mwaka 1887 Emile Berliner akapewa hati ya gramafoni yake, na kutoka kwake zikaenea sahani bapa, ambazo mwishowe ndizo zilizoshinda.

Basi mashine hizo zikifunguliwa leo, mara nyingi huonekana kwamba grisi ya kamani imekauka, na mipira inayokishika kiwambo cha ulanga imekuwa migumu kama mfupa. Fundi husafisha, hutia grisi mpya, hubadili mipira. Hapo hapana lawama, kwani vitu hivyo havikufanywa vidumu milele; hata sindano ya chuma ya gramafoni ilikusudiwa kupiga upande mmoja wa sahani, kisha itupwe.

Lakini fundi huyo huyo akilitazama sanduku huona vanishi iliyofifia, na alama pale mkono wa mwenyewe ulipogusa kila jioni. Aweza kuikwangua yote na kupaka mpya, hata mashine ing'ae kuliko siku ilipotoka kiwandani. Je, ameirudisha, au ameifuta? Sisi twaona ameifuta. Vanishi iliyokwanguliwa hairudi, na huenda alama ile ndiyo ushuhuda pekee uliosalia wa mtu yule.

Yuko atakayejibu: "Kitu ni changu, nimekinunua kwa fedha zangu." Ni kweli. Walakini kitu kilichotutangulia duniani huenda kikabaki nyuma yetu pia, nacho kitashikwa na mwingine. Huyo ana haki ya kuambiwa kweli. Zimekuwapo sokoni mashine nyingi zilizoungwa upya, hasa Uhindi, kwa vyuma vya zamani na pembe mpya ya shaba, zikatiwa alama ya kampuni mashuhuri, zikauzwa kuwa za kale. Kuunga vipande si kosa. Ubaya umo katika neno la muuzaji.

Tena liko jambo gumu zaidi. Silinda ya nta huchakaa kila ipigwapo. Katika hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, silinda nyingi zilifanyiwa kalibu ya shaba ili nakala zipatikane, na katika kazi hiyo nta ya asili iliharibika. Je, walikosa? Hatuthubutu kusema hivyo. Walitoa nta wapate kuiokoa sauti, na sauti ndiyo iliyokuwa sababu ya nta kuwapo. Akwanguaye vanishi hapati ila mng'ao.

Basi twaonelea hivi. Kile ambacho fundi ajaye aweza kukirudisha kama kilivyokuwa, kitengenezwe bila hofu. Kile kisichoweza kurudishwa, kiachwe, isipokuwa kwa kukiokoa kilicho kikubwa kuliko hicho. Na katika yote, fundi aandike katika karatasi alichobadili, na siku aliyobadili, akaiweke ndani ya sanduku kabla ya kulifunga. Karatasi hiyo haiongezi bei, huenda hata ikaipunguza. Lakini atakayelifungua sanduku baada yetu hatadanganyika, wala hatatulaumu kwamba tulimficha.