Umri wa Mtoto ni Amana



Ipo aina ya uongo ambao watu wengi hawauiti uongo, kwa kuwa hausemwi kwa nia ya kumdhuru mtu. Husemwa kwa huruma, na pengine husemwa na watu wema. Nao ni uongo wa kumpunguzia kijana umri wake ili apate kucheza kandanda katika mashindano ya vijana wa nchi jirani. Jambo hili linafaa kutazamwa kwa insafu, bila ya kumwonea maskini na bila ya kumpendelea.

Chukua mfano wa Kintinku, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, mahali ambapo reli ya kati itokayo Dodoma hupita kabla ya kuanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Jaalia kuwa wewe ni mzee unayeheshimiwa hapo. Anakujia baba mmoja pamoja na mwanawe. Kijana ana miaka 19, nawe unajua vyema, kwani alizaliwa mwaka mmoja na mwanao. Mpira anaucheza vizuri mno, na amepatikana mtu wa kumpeleka kwenye majaribio ya timu ya vijana wa chini ya miaka 17. Cheti cha kuzaliwa hana. Linalotakiwa ni kiapo chako kwamba ana miaka 16. Baba anakwambia: "Mzee wangu, mvua zimetutupa miaka miwili, na ng'ombe wamekwisha. Mtoto huyu ndiye jembe letu lililobaki. Neno lako moja litatuinua sote."

Je, utasema nini?

Huenda ukajiambia kwanza kuwa vijijini hakuna aijuaye tarehe hasa. Wazee huhesabu uzazi kwa mwaka wa njaa fulani au kwa mafuriko fulani. Hilo ni kweli, wala si aibu. Lakini kutojua ni jambo moja, na kujua kisha ukasema kinyume ni jambo jingine. Asiyejua husema "nakisia", na neno hilo ni la kweli. Wewe hukisii. Unamjua.

Huenda ukasema pia: "Kila nchi inafanya hivyo, kwa nini sisi tuwe wajinga?" Basi na tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 2005 vijana wetu, Serengeti Boys, walikuwa wamekwisha kufuzu fainali za Afrika zilizofanyika Gambia. Wakaondolewa kwa kosa la kuchezesha mtu aliyezidi umri. Baadaye, katika kuwania fainali za mwaka 2017 zilizofanyika Gabon, vijana wetu walitolewa na Kongo-Brazzaville. Kisha Kongo nayo ikaondolewa kwa kosa lile lile, na nafasi yake tukapewa sisi. Mwaka 2018 yalifanyika nchini Burundi mashindano ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati wa chini ya miaka 17. Ndugu zetu wa Zanzibar wakatolewa kwa sababu ya umri, na vijana wa Tanzania Bara wakalichukua kombe kwa kuifunga Somalia. Na mwaka 2019, fainali za Afrika zilipochezwa Dar es Salaam, Guinea ilifika mpaka mchezo wa mwisho. Kisha ikabainika kuwa wachezaji wake wawili walikuwa na tarehe mbili mbili za kuzaliwa, na nafasi yao ya kwenda Brazil kwenye Kombe la Dunia wakapewa Senegal.

Tazama basi: sisi tulioadhibiwa mwaka 2005 ndio tulionufaika mwaka 2017. Tulipodhulumiwa tuliiona dhulma kuwa ni dhulma. Basi vipi iitwe werevu itokapo kwetu? Jirani ana haki, na haki ya jirani haiishii kwenye ua wa nyumba. Mtoto wa Gitega au wa Kisumu ni mtoto wa jirani pia.

Ama hoja nzito kuliko zote ni ufukara. Hapa moyo hulainika, na ndipo penye hatari. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, waumini wameagizwa kuusimamisha uadilifu katika ushahidi, na wameonywa juu ya yale yanayompotosha shahidi. Ujamaa umetajwa, na utajiri umetajwa. Lakini ufukara nao umetajwa. Kwa hakika shahidi huweza kupotoshwa na huruma kama anavyopotoshwa na rushwa.

Tena huruma hiyo humwona mtoto mmoja tu, yule aliye mbele yako. Yuko mwingine usiyemwona. Huyo ana miaka 16 ya kweli. Miguu yake ni myembamba na kifua chake hakijajaa. Nafasi za timu zina hesabu. Akiingia mkubwa, mdogo hutoka, naye hatajua kamwe kwa nini hakuchaguliwa. Atadhani hana kipaji. Mpaka wa umri uliwekwa kwa ajili yake, ili asisukumwe na mwenye mifupa iliyokomaa. Ni haki yake yeye, wala si mali yako hata uigawe.

Zamani vijana walikuwa na pupa ya kuonekana wakubwa. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Abdullahi bin Umar alitaka kwenda vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, naye ana miaka 14. Mtume (s.a.w.) akamrudisha. Alipofika miaka 15, katika vita vya Khandaq, akaruhusiwa. Naye mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hiyo, bila ya kuona haya kuwa alirudishwa. Alingoja, na kungoja kule hakukumpunguzia kitu.

Na mfikirie kijana wetu wa Kintinku. Tangu siku ya kiapo atakuwa na tarehe mbili za kuzaliwa. Ataogopa kukutana na aliosoma nao. Tangu mwaka 2009 FIFA imekuwa ikipima vijana kwa picha ya MRI ya mfupa wa mkono karibu na kiganja, ili kuona kama mfupa umekwisha kuunga. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata kama kipimo hakitamgundua, amekwisha kufundishwa na baba yake, na wewe ukiwa shahidi, kwamba riziki hupatikana kwa kuificha kweli. Somo hilo hatalisahau.

Basi je, umfukuze? La. Mwenye miaka 19 hajafungiwa mlango. Ipo timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 20, na zipo ligi za watu wazima zisizouliza umri. Mwandikie mtendaji wa kijiji ukweli, kisha fuatana naye mpaka kwenye timu ya wilaya. Na kama nauli haipo, ichange na wenzako. Huruma ya kiapo cha uongo haikugharimu kitu, na hii inagharimu. Na watoto wanaozaliwa sasa waandikishwe mapema, ili mzee mwingine asije akawekwa mahali ulipowekwa wewe.

Baba yule bado amesimama mbele yako, na kijana anakutazama usoni. Huenda wakaondoka na hasira, na huenda jirani wakakuita mzee mwenye roho ngumu. Lakini kijana atakuwa amemwona mtu mmoja aliyempenda bila ya kumdanganyia. Huenda siku moja, yeye naye akiwa mzee, akaletewa karatasi kama hiyo, akamkumbuka mtu huyo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.