Ahadi ya Wasafiri

Yako maswali yaonekanayo kuwa madogo, lakini mtu akiyatazama vema huona kwamba yagusa haki yenyewe. Mojawapo ni hili: watu wakipatana kusafiri pamoja kwenda mji mkubwa kutazama mpira wa mataifa, na mmoja wao akashindwa kutimiza sehemu yake ya fedha, je, yawapasa kumwacha, au kumchukua? Swali hili hatukulisoma vitabuni. Lilitufikia sisi wenyewe, nasi tulilijibu vibaya.

Mwezi wa Agosti 2025 yalifanyika Kenya, Uganda na Tanzania mashindano ya CHAN, ambayo ni ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wachezao katika ligi za nchi zao. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa Tanzania na Burkina Faso, usiku wa Jumamosi tarehe 2 Agosti, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa huko Dar es Salaam. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2007, nao huweza kuchukua watu 60,000. Vijana tisa wa hapa kwetu Dodoma walitamani kwenda, wakatukabidhi daftari na fedha zao ili tuwatunzie.

Shauri lao lilikuwa jema, wala hatukuona sababu ya kulizuia. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme, ambayo wazee wetu wangali wakiiita gari moshi ingawa haitoi moshi, hutoka Dodoma na kufika Dar es Salaam kwa saa chache tu. Lakini mchezo wa usiku wataka mahali pa kulala, na kutoka stesheni hata Temeke, uliko uwanja, hapana budi kupanda gari. Yote tuliyaandika: nauli ya kwenda na ya kurudi, tiketi ya uwanjani, malazi, chakula na daladala. Tukapatana kwamba kila mmoja alete sehemu yake kila mwezi, kuanzia Machi hata mwisho wa Juni, na ya kwamba atakayepungukiwa atarudishiwa fedha zake na kubaki nyumbani.

Kijana mmoja, fundi wa baiskeli, alileta sehemu zake za Machi, Aprili na Mei pasipo kukawia. Mwezi wa Juni mama yake akaugua, na fedha ya mwezi ule ikaenda kwenye matibabu. Alikuja kwetu akatueleza, wala hakuomba kitu. Tukawaita wenzake. Wengine walisema, “Ahadi ni deni.” Binti mmoja alisema kwamba yeye aliuza kuku wake ili atimize, je, ni haki aliyejinyima na asiyetimiza wapate kiti kilekile? Neno lake lilikuwa zito. Tukaamua kuishika kanuni kama ilivyoandikwa, tukamrudishia yule fundi fedha zake zote, hata senti moja isipungue. Siku ile tulijiona kuwa watu wa haki.

Tukasafiri. Tanzania ilishinda kwa mabao mawili kwa bila, nasi tulishangilia hata sauti zikatukauka. Tuliporudi, vijana hawakuwa na habari nyingine ila ile ya uwanjani; na kila walipoianza, yule fundi aliinama akaendelea na kazi yake. Hakutulaumu hata mara moja. Heri angalitulaumu, kwa maana tungalijitetea.

Ndipo tulipolifungua daftari tena. Tukaona kwamba bei za malazi zilikuwa nafuu kuliko tulivyokisia, hata fedha ikabaki. Na fedha ile tuliinunulia jezi mpya nane, ili vijana wapendeze wakiwa wamefanana uwanjani. Bei ya jezi zile ilizidi sehemu moja aliyopungukiwa mwenzetu. Basi hatukumwacha kwa sababu ya umaskini wetu. Tulimwacha kwa sababu tulihesabu fedha vema, tukasahau kuhesabu watu.

Tumelifikiri jambo hili mara nyingi, na sasa twaona kosa letu lilikuwa wapi. Ni kweli kwamba ahadi ni deni. Lakini siku ile ya kupatana ziliwekwa ahadi mbili. Yeye alituahidi fedha, nasi tulimwahidi kwamba tutakwenda pamoja. Tulimdai ahadi yake kwa daftari, na ya kwetu hatukuiandika mahali, kwa hiyo hakuna aliyetudai.

Pengine mtu atasema, “Mkifanya hivyo, mwakani hakuna atakayelipa.” Hofu hii si ya bure. Mtunza fedha asiyeshika kanuni huwadhulumu walio waaminifu, na yule binti aliyeuza kuku hakustahili kudharauliwa. Lakini kanuni njema hupambanua kati ya mvivu na aliyezuiwa. Aliyepuuza amejiondoa mwenyewe. Aliyezuiwa na ugonjwa wa mzazi hakujiondoa. Kama angaliacha kumtibu mama yake ili atimize zamu yake ya mpira, je, tungalimsifu kwa uaminifu?

Tena wako wengine wa kuhesabiwa, hata wale tusiowajua. Tarehe 24 Januari 2022, huko Yaoundé nchini Kameruni, watu wanane walikufa kwa msongamano langoni mwa uwanja wa Olembe. Aendaye uwanjani pasipo tiketi, akitumaini kusukuma hata aingie, humsukuma mtoto wa mtu. Na wako waliobaki nyumbani: karo ya shule na mbegu za shamba zisiwe ndizo zinazolipa furaha ya mtu mmoja.

Mwaka 2023 nchi zetu tatu zilichaguliwa kuandaa mashindano ya Mataifa ya Afrika ya 2027, na vijana wameleta daftari tena. Safari hii tumeandika mbele ya nauli na malazi mstari mmoja wa juu: akiba ya mwenzetu, kidogo kutoka kwa kila mtu, kwa ajili ya atakayezuiwa pasipo kosa lake. Ikiwa hakuna atakayeihitaji, itagawanywa. Yule binti ndiye aliyeweka fedha ya kwanza. Tulimwendea pia fundi wa baiskeli, tukamwomba radhi, tukamwuliza kama atajiandikisha. Alijibu kwamba atafikiri. Hatukumhimiza, mtu aliyeachwa ana haki ya kufikiri. Lakini kiti chake tumekiandika.