Tusizoee Chumba cha Chini
Andiko: 2 Wafalme 12:4–15



Kule New York, Marekani, barabara ya Eldridge, kuna sinagogi lililofunguliwa mwaka 1887. Waliolijenga ni Wayahudi waliohamia huko kutoka Ulaya Mashariki. Wengi wa mtaa ule walikuwa washonaji na wachuuzi, wakiishi kwa kubanana vyumbani, lakini Mungu walimjengea nyumba yenye dari la juu na madirisha ya vioo vya rangi.

Mwaka 1924 sheria ikabana wahamiaji. Familia nyingi nazo zikahamia mitaa mingine na sadaka ikapungua. Kufikia miaka ya 1950 ukumbi mkuu ulikuwa umefungwa. Waliobaki wakaabudu chumba cha chini, na huko juu mvua ikapenya, ngazi zikalegea, njiwa wakahamia.

Wale wachache siwalaumu. Hawakuacha ibada hata siku ngumu. Lakini sikia, mpendwa: hakuna adui aliyekuja na nyundo. Ni paa lililovuja na pesa za kuliziba hazikuwepo.

Ukarabati ulianza mwaka 1986, ukakamilika 2007. Miaka zaidi ya 20, karibu dola milioni 20! Mimi nilisomea biashara, na nawaambia hakuna mhasibu anayeshinda wahenga: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa rudi kwenye andiko. Mfalme Yoashi aliagiza hekalu litengenezwe. Sadaka ilikuwa inaingia, makuhani walikuwepo, lakini mwaka wa 23 wa kutawala kwake nyufa zilikuwa palepale. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko. Pesa za ukarabati zikapata mahali pake, zikahesabiwa, zikafika kwa maseremala na waashi. Tatizo halikuwa umaskini. Pesa hazikuwa na kasha lake.

Wapendwa, sisi harambee ya jengo jipya tunajaa mpaka nje. Ikitangazwa ya gata inayovuja upande wa Sunday school, tunaangalia saa. Tuweke bahasha ya ukarabati kila mwezi, hata kama ni shilingi hamsini, na hesabu isomwe mbele ya kanisa.

Kuna jambo moja kwenye sinagogi lile linanigusa sana. Mbao za sakafu zimelika, zina mabonde yaliyochimbwa na miguu ya watu waliosimama wakiyumba kwa maombi miaka na miaka. Mafundi hawakuzing'oa. Waliziacha, ili watoto wajue hapa watu waliomba.

Je, nyumbani kwako watoto wataona alama gani? Kuna aliyekuwa akiamka alfajiri kuomba. Sasa anaomba akiwa matatu, simu mkononi. Ukumbi mkuu umefungwa, amezoea chumba cha chini. Ndugu, dada, panda juu wiki hii. Fungua ule mlango. Ufa ukiwa mdogo bado, neema ipo na kazi ni nyepesi.