Ganda Tupu Halikai Tupu



Vijana wenzangu, naomba leo tufungue Mathayo 12, mstari wa 43 hadi wa 45. Ni ile habari ya pepo mchafu aliyemtoka mtu, akazunguka nyikani akikosa pa kupumzika, kisha akaamua kurudi alikotoka. Akaikuta nyumba imefagiwa na kupangwa vizuri, ila ndani hakuna mtu. Akaenda kuita wengine saba, wabaya kuliko yeye, wakahamia wote. Yesu anasema mtu yule aliishia pabaya kuliko alipoanzia.

Injili hii naisikia tangu niko Utoto Mtakatifu hapa Buhemba, na siku zote ilikuwa inanisumbua. Kosa la huyu mtu ni lipi hasa? Pepo ametoka, nyumba imefagiliwa, sasa alitakiwa afanye nini zaidi? Kilichonifungua macho, msicheke, ni maganda ya risasi.

Wale mliopita JKT kwa mujibu wa sheria mnajua ninachosema. (Kwa wadogo zetu: utaratibu huu wa wahitimu wa kidato cha sita ulirudishwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994.) Siku ya shabaha kila mtu anawaza SMG na makelele yake. Hakuna anayewaza kinachofuata. Mkimaliza kupiga na silaha zikishakaguliwa, mnapangwa mstari bega kwa bega, mnainama, mnaanza kuokota maganda, mnayatia kwenye kofia. Risasi zilizotoka zimeandikwa, na maganda lazima yarudi kwa hesabu hiyo hiyo. Likipungua moja, mnarudi majanini. Kwenye kombania yetu lilipungua moja, na jua lile la saa nane tulipekua nyasi mpaka kwenye mizizi. Kitu chenyewe kina urefu usiofika sentimita nne, kimeshalia, kimepoa, hakina kazi tena. Lakini kimeandikwa.

Ningeweza kuhubiri hapo kwamba kwa Mungu hakuna aliyetumika akasahaulika. Ni kweli kabisa, ila mmeshaambiwa sana. Mimi nataka twende kwenye kinachofuata baada ya kuokota.

Nchi nyingine, Marekani kwa mfano, wapo watu wanaolenga shabaha kama mchezo, na ganda la shaba kwao ni mali. Wanaokota, wanachambua, wanasafisha, wanajaza upya, na ganda zuri linaweza kutumika mara nyingi. (Na tuelewane: kwetu ganda si pambo la kufungia funguo. Ukikuta risasi au ganda porini, toa taarifa kwa viongozi wa kijiji au polisi. Kutengeneza risasi bila kibali ni jinai, na sisi tunaoishi huku jirani na Serengeti tumeona magobore yamewafikisha watu wapi.) Mimi nilichopenda ni ule uchambuzi wao.

Kwanza wanatenganisha kwa ukubwa, halafu kwa maandishi yaliyogongwa kwenye kitako, maana ndiyo yanayosema ganda limetoka kiwanda gani. Kisha sumaku. Hii hata wanunuzi wa chuma chakavu hapa kwetu wanaijua. Kuna maganda yanayong'aa kama shaba, kumbe ni chuma kilichovikwa shaba kwa juu. Sumaku ikinasa, hilo linawekwa pembeni. Vijana wa machimboni hamhitaji maelezo marefu hapo. Nani Buhemba hajawahi kuona kitu cha njano kinachong'aa ambacho si dhahabu?

Baada ya sumaku kuna nyufa. Bunduki inapolia, ganda linatanuka kwa nguvu mpaka linabana ukuta wa chumba cha risasi, halafu linarudi kidogo. Likifanya hivyo mara nyingi, shaba inachoka. Ufa wa mdomoni unaonekana kwa macho, huo si tatizo kubwa. Ufa wa hatari unaanzia ndani, karibu na kitako, wakati nje bado ganda linapendeza. Unaweza kulisugua liking'aa kama kikombe cha altareni na ufa ukabaki pale pale. Kwa hiyo mafundi wanachukua waya mwembamba, wanaupinda ncha, wanauingiza ndani na kuuburuza taratibu ukutani. Waya ukikwama kwenye kamfereji, ganda hilo halijazwi tena. Si kwamba wanalichukia. Likijazwa likapasukia ndani ya bunduki, atakayeumia ni mpigaji.

Hii kwangu ndiyo picha sahihi ya kutafiti dhamiri. Wengi wetu tunatafiti kwa nje. Nimekosa Misa mara ngapi, nimetukana mara ngapi, nimeangalia nini kwenye simu. Tunasugua, tunang'aa, tunaenda kupokea. Waya hatuingizi. Hatuulizi kwa nini kila nikikaa na mtu fulani nalipuka, au kwa nini kila mwisho wa mwezi narudi kwenye kubeti. Mwingine anachumbia akiwa na ufa ambao hajawahi kuugusa, na siku unapopasuka anaumia mke na watoto.

Sasa nirudi kwa yule mtu wa Mathayo 12.

Kuna kijana mwenzetu, jina lake sitalitaja, anafanya kazi machimboni. Yeye na mwenzake walikuwa na duara moja, na siku mawe yalipokuja mazuri, mwenzake akaondoka na mifuko usiku akaenda kusaga peke yake. Miezi ya jasho ikaondoka hivyo. Huyu ndugu yetu aliapa mbele ya watu kwamba atamkata panga. Kwa wageni hilo ni neno la hasira tu. Sisi wa Mara tunajua linaweza kuwa ahadi, na linaweza kuingiza koo mbili nzima kwenye makaburi.

Kwaresima alikwenda kuungama, na alifanya hivyo kwa moyo, mimi ni shahidi. Akaacha pombe. Akaacha kijiwe, kwa sababu pale kila jioni stori ilikuwa ni ile ile. Akafuta namba za watu waliokuwa wanamchochea. Pasaka alipokea Ekaristi akilia. Wiki tatu baadaye akanifuata akaniambia, "Kaka, imerudi yote. Tena sasa hivi sina hata pombe ya kuizima."

Nikamuuliza jioni zake zinaendaje. Anarudi kutoka kazini, anaoga, anakaa geto peke yake, mlango umefungwa, hadi usingizi uje. Siku baada ya siku.

Unaona? Alifagia kila kitu, hakuingiza chochote. Saa nne za ukimya kila jioni, na kitu pekee kilichokuwa kinagonga mlango ni ile mifuko ya mawe. Shaba ikigongwagongwa sana inakuwa ngumu, inakosa kunyumbulika, mwisho inapasuka, na moyo unaorudia kisa kimoja kila usiku unakwenda njia hiyo hiyo. Ganda tupu, safi, lililokaguliwa, ndilo hasa linalofaa kujazwa baruti tena. Sakramenti ya Kitubio ilikuwa imefanya kazi yake. Ila nyumba ikabaki bila mpangaji.

Lakini shaba hiyo hiyo inaweza kupata kazi nyingine kabisa, na ushahidi uko kwenye historia yetu wenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wanatawala huku walizingirwa na Waingereza, meli hazifiki, sarafu zikaisha. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli Tabora, wakaanza kugonga sarafu wenyewe. Za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, walitumia dhahabu ya Sekenke. Za heller 20 walitumia shaba chakavu, yakiwemo maganda yaliyokwisha kulia vitani. Neno letu "hela" limetoka kwenye heller hiyo. Yaani kitu kilichotoka kuua mtu asubuhi, baada ya kupita kwenye moto na nyundo, mama anakinunulia chumvi sokoni. Shaba haikubadilika. Kilichobadilika ni aliyeishika na alichoitakia.

Na kwa upande wa watakatifu, tazama Mt. Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alikuwa mwanajeshi akiutetea mji wa Pamplona, tufe la mzinga likamvunja mguu. Akiwa kitandani nyumbani Loyola, miezi inapita, aliomba vitabu vya mashujaa wa vita na mapenzi. Ndani ya nyumba havikuwepo. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu, akasoma kwa sababu hakuna kingine. Hapo ndipo alipoanza kuchambua. Aliona kwamba akiwaza sifa za vita na wanawake wa ikulu anafurahi kwa muda, halafu anabaki mkavu. Akiwaza kufanya alichofanya Fransisko au Dominiko, furaha inabaki hata wazo likishapita. Kumbe mawazo yana alama kwenye kitako, yanaonyesha yametoka wapi! Mwaka 1522 aliacha upanga wake mbele ya altare ya Bikira Maria kule Montserrat. Tunapenda kusimulia ule upanga. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika kitandani, pale utupu wake ulipojazwa na kitu kingine ukurasa kwa ukurasa, kabla hajajua kinachomtokea.

Kwa hiyo nilimpeleka yule ndugu yetu kwa paroko. Padre hakumpa mahubiri. Alimuuliza, "Saa moja hadi saa nne usiku uko wapi?" Akampangia: Jumanne na Alhamisi mazoezi ya kwaya, Jumamosi Jumuiya, Ijumaa kwenda kuwafundisha hesabu watoto wawili wa mjane anayekaa jirani na geto lake, na kila siku dakika kumi za Injili kabla hajashika simu. Na sala moja, fupi, kwa jina la yule mwenzake. Alisema angalau alitaje jina mbele ya Mungu kabla hajalitaja mbele ya watu.

Alhamisi iliyopita alikuja kwenye kwaya. Amewekwa besi, nyuma kabisa, na sauti anayo. Watoto wa mjane wamefika kwenye sehemu. Hiyo sala ya jina, anasema, bado inamkwama kooni, anaishia herufi ya kwanza. Mwenzake amesharudi machimboni, na wanapishana njiani karibu kila asubuhi. Naomba mmtaje kwenye Rozari yenu ya wiki hii, na yule mwingine pia.