Kiongozi Asiyeambilika

Kiongozi mkali anapokataa shauri jema, watu huhesabu hasara ya uamuzi wake mbaya, wakaishia hapo. Naona hiyo ndiyo hasara ndogo. Anayeadhibiwa kwa kusema kweli huwafunza wenzake kunyamaza, na woga huo huendelea kutawala hata pale ambapo kiongozi mwenyewe angependa utoke. Kwa mfano, tarehe 29 Julai 1941, Georgy Zhukov, mnadhimu mkuu wa Jeshi Jekundu, alimshauri Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, auache mji wa Kiev na kuyavusha majeshi mashariki ya mto Dnieper kabla Wajerumani hawajayazingira. Stalin alighadhibika, na Zhukov akapoteza cheo hicho. Septemba, Marshali Budyonny naye aliomba majeshi yarudi nyuma; akaondolewa. Katikati ya mwezi Wajerumani walikuwa wamekwisha kuyazingira. Tarehe 16 Timoshenko, aliyemrithi Budyonny, alituma amri ya mdomo ya kurudi nyuma, lakini Jenerali Kirponos, kamanda wa majeshi ya Kiev, hakuthubutu kuitii bila maandishi. Nani angemlaumu? Julai ileile Jenerali Pavlov alikuwa amepigwa risasi kwa kushindwa huko Belarus. Uthibitisho wa Moscow ulipofika, zaidi ya siku nzima ilikuwa imepotea. Kirponos aliuawa tarehe 20, na Wajerumani walidai kuwateka watu zaidi ya 600,000.

Wapo wanaosema kuwa ukaidi ule uliwachelewesha Wajerumani kufika Moscow. Hoja hiyo ina uzito, wala siibezi. Ila majeshi yaliyookolewa yangeweza kuwazuia pia, tena kwa muda mrefu zaidi kuliko yaliyotekwa. Wengine watauliza: je, Stalin hakushinda vita? Alishinda. Lakini mpango wa kuwazingira Wajerumani Stalingrad, Novemba 1942, uliandaliwa na Zhukov yuleyule pamoja na Jenerali Vasilevsky, na safari hii Stalin aliwasikiliza. Kwa raia wake aliendelea kuwa mkali. Kilichobadilika ni kwamba majenerali wachache waliweza kumpinga na wakabaki na vyeo vyao, na matokeo yalionekana uwanjani. Anayeusifu ukali kwa ushindi ule anausifu kwa kazi iliyofanywa na usikivu. Nao mateka wa 1941 hawakuwa na muda wa kumngoja kiongozi wao ajifunze: wengi walikufa kwa njaa na baridi katika kambi za Wajerumani kabla ya machipuko ya 1942.